Kijana Aliyeogopa Kunipiga

Dada Furaha, wewe uliyetuacha ukaenda kuolewa Walikale,

Nakuandikia mdomo umevimba na jicho moja limefumba, na bado nacheka peke yangu hapa Sake kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza. Nimeona niwahi kabla dereva wa lori hajakufikia na maneno yake. Atakuambia kwamba mdogo wako ameanguka mbele za watu. Ni kweli, nimeanguka. Lakini yeye hajui habari yenyewe, kwa hiyo kaa chini nikusimulie.

Unakumbuka ulivyoniingiza kwenye ngumi? Ulijaza maganda ya maharage kwenye gunia la viazi, ukalining'iniza kwenye mkaratusi nyuma ya nyumba kule Kingi, ukalikumbatia kwa upande wa pili ili lisiyumbe. "Piga, mi niko nyuma," ulisema. Nikipiga kwa uvivu ulinicheka mpaka majirani wakasikia. Na siku za soko, viazi vikishauzwa, ulipanda juu ya chukudu letu la mbao la magurudumu mawili nikakusukuma mlima mzima kurudi nyumbani, ukiniambia kwamba hayo ndiyo mazoezi ya miguu. Nimekuja kugundua nikiwa na watoto wangu mwenyewe kwamba ulikuwa umechoka kutembea tu.

Lakini ubingwa wa milima yetu niliupata kwa miguu hiyohiyo, na wewe ukiwa kwenye kona yangu na taulo begani. Ulipiga kelele kuliko wanaume wote wa Masisi. Nilikupenda sana siku ile, na sijui kama niliwahi kukuambia.

Miaka imekwenda. Mara ya mwisho ulipokuja kututembelea uliniona nikimimina chai nje ya kikombe. Jioni ukaniambia niache ngumi. Nilikasirika, nikakuambia, "Mi nitaacha siku batanipiga."

"Na kama habatakupiga?" ukaniuliza.

Nikafikiri unanisifu. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, dada.

Basi Jumapili tukapigana kwenye uwanja wa soko. Watu walijaa, hata wale waliokimbia vita na kurudi juzijuzi, wote wakiimba jina langu. Mpinzani wangu alikuwa Bahati, kijana wa Shasha, mvuvi, mikono imekomaa kwa kuvuta nyavu. Mama yake alikaa mbele kabisa na kitenge kipya. Kijana aliinamisha kichwa akanisalimia, "Papa," kama anavyomwita baba yake, kisha kengele ikalia.

Raundi ya pili mkono wangu wa kushoto ulichelewa kurudi na uso ukabaki wazi. Niliiona ngumi yake ikija nikajua nimekwisha. Ikafika shavuni imelegea. Nilimtazama machoni, naye akatazama chini.

Hapo nikamkumbuka yule wa Kingi aliyeanguka mwaka jana kwa ngumi ambayo mimi mwenyewe sikuisikia mkononi. Nikamkumbuka na wa kabla yake, aliyerudi nyuma pambano zima halafu akaja kunishukuru. Vijana hawa nasali nao, wengine niliwafundisha mimi, baba zao ni marafiki zangu. Nani atampiga kwa nguvu mtu anayemwita Papa? Nikaelewa swali lako, na aibu ikanishika mbele ya watu wote wale waliokuwa wakiniimba.

Wakati wa mapumziko binamu yetu Bauma alinimwagia maji akaniambia ninashinda. Na kweli nilikuwa ninashinda. Ningetulia kidogo tu, mkanda wa ubingwa ungebaki wangu, na mwakani pia. Nilitamani, sikufichi.

Tuliporudi katikati nilimkumbatia Bahati ili mwamuzi asisikie. "Hapa hakuna Papa," nikamwambia. "Piga muzuri, ao toka mu ringi."

"Batasema nimepiga muzee," akajibu. "Mama yangu iko pale."

Nikamwachia moja ya pua, kwa nguvu zote nilizobaki nazo. Damu ikatoka, macho yake yakabadilika, na ndipo akaja. Ee Mungu, alivyokuja! Tumboni, mbavuni, tumboni tena, ngumi nzito na safi, na mimi namjibu, nakwepa moja, napigwa mbili, moyo unaruka kwa furaha. Nilikuwa nimesahau ladha yake. Nilianguka, nikainuka nacheka, mwamuzi akadhani nimechanganyikiwa. Nikaanguka tena, na safari hiyo miguu ikakataa kabisa.

Matusi yakaanza kumwangukia Bahati. Kina mama wakamwita mtoto asiye na adabu, na wanaume wakaanza kupanda ulingoni. Nilijikokota nikamfunga mkanda kwa mikono yangu mwenyewe, nikawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyemwomba anipige. Nikatoka naye nimemshika mkono mpaka kwenye barabara ya Minova, wasije wakamgusa.

Leo asubuhi nimesikia hodi. Ni yeye na mama yake, na beseni limejaa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wamekuja kuniomba msamaha. Kijana hakuthubutu kukaa mpaka nilipomwamuru. Mama akaufungua mkanda kutoka kwenye kitenge, akauweka mezani, akasema, "Papa, mutusamehe. Mukipigana tena, mutoto iko tayari kuanguka."

Nilicheka mpaka mdomo ukapasuka upya. Alikuwa ananirudishia ubingwa, dada, kwa moyo mweupe na beseni la samaki. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mkono wangu ulikuwa tayari umeushika ule mkanda. Bahati alikuwa ananitazama, pua yake imevimba kama mdomo wangu, akingoja nimwambie ni lini atashindwa.

Nikamrudishia. Nikawaambia nimeacha ngumi. Maneno hayo yaliniuma kuliko mbavu, kisha nikajisikia mwepesi, nikaagiza sambaza zikaangwe tukala wote, mimi nikitafuna kwa upande mmoja.

Barabara ikiwa nzuri nitapanda lori nije kuwaona wapwa zangu. Lakini habari itakufikia kabla yangu, na majirani zako wa Walikale watakuja kukupa pole. Usiipokee, dada. Waambie mdogo wako amepigwa, na amepigwa vizuri.

Ni mimi,
mudogo wako