Mbegu za Mama na Jiko Lisilo na Moshi

Kijiji cha Rhotia,
Kwa mkono wa Parokia,
S.L.P. Karatu,
Wilaya ya Mbulu.

24 Machi, 1985

Mpendwa mdogo wangu Josephati,

Pokea salamu kutoka huku kwenye ukungu na matope mekundu. Je, u mzima? Wifi yangu Lusia kifua chake kimetulia? Na yule mtoto aliyekuwa akiota meno ulipoandika, bila shaka sasa anakung'ata. Sisi tuko salama, kila mtu kwa kadiri ya umri wake. Mama anakula, anatembea mwenyewe mpaka kanisani, na anagombana na kila kuku aingiaye jikoni, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mvua zilianza wiki tatu zilizopita na Rhotia nzima imeinamia majembe.

Barua yako ya Desemba ilifika. Nimeisoma mara tatu na kila mara nimeiweka chini bila kujibu. Umelalamika kwamba dada yako amekuwa bubu. Una haki, wala sitaisingizia posta. Nina jambo la kukuomba, na siwezi kuliomba kabla sijakueleza kosa langu. Mficha uchi hazai, nami nimeuficha huu tangu Agosti.

Unalikumbuka jiko la Mama. Mafiga matatu, moshi wa kukata kwa panga, na juu darini yale mafungu ya mahindi ya mbegu, yamefungwa kwa maganda yake, meusi kwa masizi. Mwaka jana moshi ule ulimzidi Mama macho. Asubuhi hayakufunguka mpaka ayaoshe kwa maji ya uvuguvugu, na jioni alikuwa akimwita mbuzi kwa jina la jirani. Tulicheka, naye alicheka, lakini mimi nilikuwa naogopa.

Mwezi wa Julai wakaja wanafunzi. Wanafunzi wa vyuo tumewazoea: mwaka huu anakuja wa mifugo peke yake, anapima ng'ombe, anaondoka, mwaka ujao anakuja wa afya, anahesabu vyoo, anaondoka. Safari hii waliletwa watatu pamoja. Hyasinta anasomea udaktari, Piusi anasomea kilimo, na Inosenti ni wa ufundi, kijana asiyeweza kuona kitu bila kukipima. Hata kitanda changu alikipima. Waliambiwa wakae nasi wiki sita, wasikilize tatizo moja kutoka kwa wenye tatizo, kisha walitafutie dawa pamoja nao.

Walizunguka nyumba kwa nyumba. Wanawake wote walisema mambo mawili, moshi na kuni, maana msitu sasa una walinzi na mzigo mmoja wa kuni unakula siku nzima. Ikatafutwa nyumba ya majaribio. Mimi, mwalimu wa elimu ya watu wazima, mwanamke mwenye Kiswahili cha redio, nikawa wa kwanza kutoa jiko la Mama.

Sasa sikiliza. Hyasinta ana adabu. Hakusimama kumhoji mzee, alichuchumaa karibu naye penye mafiga. Nilikuwa mkalimani, kwani unajua Kiswahili cha Mama kinaishia kwenye salamu na bei ya mahindi. Hyasinta akauliza mahindi yale juu ya moto ni ya nini. Mama akajibu kirefu kwa Kiiraqw: kwamba ni mbegu, kwamba moshi ndio unaozilinda na fukusi, kwamba ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na kwamba tangu azaliwe hajanunua mbegu. Piusi alikuwa ameshika daftari, anangoja.

Josephati, niliona haya. Niliyaona masizi yananing'inia kama utando wa buibui, nikawaona wale vijana na viatu vyao, nikajiona mimi ninayefundisha usafi ubaoni kila Jumanne. Nikatafsiri, "Anasema hatuna ghala, ndiyo maana tunayaweka pale." Piusi akaandika. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, akijua maneno yake yameingia kitabuni.

Jiko walilolijenga lilikuwa zuri, sitalisema vibaya. Udongo wa kichuguu uliokandwa na samadi, matundu mawili ya vyungu, na bomba la kupeleka moshi moja kwa moja nje ya paa. Kuni za siku tatu zikaenda siku sita. Kufikia Oktoba Mama alikuwa akimtofautisha mbuzi na jirani bila taabu. Wanawake walikuja kulitazama mpaka kutoka ng'ambo ya bonde, na serikali ya kijiji ikaomba nyumba thelathini zijengewe la namna hiyo wanafunzi watakaporudi Desemba. Mimi nilitembea kifua mbele.

Mwanzoni mwa Desemba Mama akashusha fungu la kwanza la mbegu ili alichague. Unga ukammwagikia kichwani. Fungu la pili, unga. Tulishusha yote, na karibu kila punje ilikuwa na tundu. Yale mahindi yake yenye rangi ya udongo, yanayowahi kukomaa kabla mvua haijatuacha, yalikuwa yameisha. Jirani gani wa kumwomba? Wote wamehamia mbegu za dukani.

Nilitegemea atagomba. Hakugomba. Alijipangusa unga, akakaa, akasema, "Niliwaambia wasomi, wakanisikia, wakaona moshi hauna kazi. Basi wadudu hawa wana sababu nyingine, na mama yangu alikuwa anajidanganya, nami nikajidanganya baada yake." Maisha yake yote ameishika kauli ya mama yake, na siku ile aliiachia kwa sababu ya mdomo wangu.

Wanafunzi walirudi wiki iliyofuata. Piusi alizipasua punje kwa ukucha, akaandika kwamba mwenye nyumba hakuzikausha vizuri kabla ya kuzitundika. Inosenti alilikagua jiko, akaliona halina kosa. Januari wangeanza zile nyumba thelathini kwa mchoro uleule, na juu ya kila moto wa Rhotia kuna dari, na kwenye kila dari kuna kitu cha mtu, kama si mahindi basi maharage au mtama. Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni.

Nilimwambia Hyasinta tukiosha vyombo nyuma ya nyumba. Nilidhani atanipasha. Aliweka sufuria chini, akauliza, "Mama anajua ulivyotafsiri?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi la jiko tuachie sisi. La Mama ni lako, Dada."

Siku tatu zilizofuata waligombana jikoni mwetu kama watoto wa wake wenza. Hyasinta hakutaka hata chembe ya moshi irudi machoni mwa Mama. Piusi sasa alitaka moshi. Alikuwa ameuchana ule ukurasa wake mbele yangu, na kwa hilo nilimheshimu. Inosenti hakutaka mtu aguse bomba lake. Nilitafsiri kila neno, hata matusi madogo madogo. Neno moja tu nililiruka: Mama aliponung'unika mbona wanamuuliza tena yale aliyokwisha kuwajibu Agosti.

Mwisho wakakubaliana moshi upite kwanza ndani ya kijumba cha udongo chenye mbegu, halafu ndio utoke nje ya paa. Inosenti hakujenga papo hapo. Alitengeneza mfano wa vijiti na matope ukubwa uleule, akamwomba Mama ajaribu. Mlango ulikuwa juu, kwa kimo cha Inosenti. Mkono wa Mama haukuufikia. Akaushusha. Mama akajaribu tena, akaonyesha kwamba mkono wa kulia unashika mkongojo, kwa hiyo mlango ufunguke kwa kushoto. Akaugeuza. Mara ya nne ndipo Mama alipokubali, tena kwa kuguna tu. Nyumba zote thelathini sasa zina kijumba hicho, na kila mama amepimwa mkono wake.

Ila kijumba cha Mama kimekaa kitupu. Tulichekecha yale mahindi yote tukapata punje za kujaza kiganja, tukazipanda mvua ilipoanza. Zimeota kumi na moja, na punda wa jirani amekula nne.

Ombi langu ndilo hili. Mwaka 1979 ulipohamishiwa Songea, Mama alikupa mbegu zake kwenye kopo la maziwa ya unga. Mimi nilikucheka mbele ya watu, kwamba mtumishi mzima wa serikali anapanda basi na mahindi mapajani. Kila mwaka umekuwa ukiandika kwamba umezipanda nyuma ya nyumba na bado zinatoka zile zile. Ndugu yangu, nakuomba uturudishie kidogo. Mkabidhi padre yeyote anayesafiri kuja Arusha, nitazifuata huko mwenyewe.

Sheria ya Mama unaijua: hakuna barua inayotoka nyumba hii kabla hajasomewa kuanzia juu mpaka chini kwa lugha yake. Ndiyo maana miezi yote hii nimeshindwa kukuandikia. Amekaa mlangoni mwa jiko anachagua maharage, na ameuliza mara mbili kama bado sijamaliza. Naiweka kalamu chini, naenda kumsomea. Safari hii siruki neno.

Nimerudi. 

Alisikiliza mpaka nilipofika pale niliposema hatuna ghala. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Kisha aliendelea kuchagua maharage kwa muda mrefu. Halafu akasema, polepole, wala hakuwa akisema na mimi, "Kumbe mama yangu hakunidanganya." Akajifuta macho, na jikoni hapakuwa na moshi.

Baadaye ndipo aliponikumbuka. Amesema nikuandikie kwamba utume nusu tu, nusu nyingine ibaki huko kwako, kwa sababu hapa nyumbani bado anaishi Bernadina, yaani mimi. Amesema pia zikija nitazipanda mimi peke yangu, mstari kwa mstari, naye atakaa kando kunihesabia. Nimekubali, na sijawahi kuifurahia adhabu kiasi hiki.

Baba mdogo Raphaeli anakusalimu, anauliza kama huko Songea watu wanajua kukamua ng'ombe. Msalimu sana Lusia na watoto wote, na umwambie Naftali jirani yako kwamba dawa yake ya kikohozi ilitufaa. Mungu awape mvua ya kutosha, macho makavu, na mbegu isiyokatika.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyekucheka siku ile kwenye basi,

Bernadina