Kifuniko cha Sufuria

Furaha, mujukuu wangu,

Jambo sana. Huku Nyalukemba tuko bazima, ni mugongo tu inanisumbua, na tonton wako, ndugu ya papa yako, amepata mutoto musichana. Unaniuliza sirop gani ya vitamini utanunulia mwana wako, kwa sababu anakonda. Mbele ya sirop, ikala karibu yake, umuangalie akikula.

Wakati wa Zaïre, batoto bangu balikuwa banakula mu sahani moja, bajifunze kupendana. Chakula ilikuwako: bugali, mboga ya lengalenga, na sambaza, zile samaki ndogo ndogo za ziwa. Lakini mudogo wao akaanza kuvimba miguu, nami nikawa mutu wa kuomba Mungu tu.

Siku moja mama mukwe wangu akafika toka kijiji cha Miti, akaikala na batoto, akabaangalia bakikula. Mudogo alikuwa anapuliza tonge yake ipoe. Akiisha kuimeza, sambaza imekwisha. Bakubwa habakuwa babaya, balikuwa na mbio tu. Mama mukwe akageuza kifuniko cha sufuria, akamupakulia humo chakula yake peke yake.

«Kula, mwana wangu. Hakuna mutu anakukimbiza.»

Miguu ikapona pole pole.

Huyo mudogo ni papa yako. Akikutembelea huko Kinshasa, mukimaliza kukula, usiondoe sahani yake mbio.

Koko wako