Mwalimu wa Ukutani

Baba Atu wangu,

Tangu tukulaze kwenye migomba ya kwenu Muleba sijawahi kukuandikia. Niliona ni kujisumbua, kumwandikia mtu asiyeweza kujibu. Lakini juzi kimetokea kitu shuleni, nimekibeba kifuani tangu hapo, na sijapata mtu wa kumsimulia ambaye angenielewa kama wewe. Barua hii naiacha wazi, aisome anayetaka, kwa sababu siku hizi wewe si wangu peke yangu. Kuna walimu huko Magu na Sengerema wanaokufahamu kwa video zako tu. Hawajawahi kukupa mkono, lakini madarasani kwao watoto wanakuita Mwalimu wa Ukutani.

Nianze na ya kuchekesha, maana mtu akianza na machozi wewe ulikuwa unatafuta sababu ya kutoka nje.

Unakumbuka ulivyorudi nyumbani siku ile umekasirika, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi? Ulikuwa umefundisha moyo darasa la sita. Ukatupa mkoba kwenye kochi ukasema, "Mama Atu, nachora moyo, watoto wanaona kiazi." Nikacheka, nawe ukanuna. Kesho yake ukachukua simu yangu bila kuniomba, kwa sababu kamera yake ilikuwa nzuri kuliko ya kwako, ukaenda buchani Buhongwa ukarekodi moyo wa ng'ombe unavyopasuliwa. Muuza nyama alidhani wewe ni mtu wa afya umekuja kumkagua, akaanza kupangusa meza. Hiyo ndiyo ilikuwa video yako ya kwanza, na huyo bwana anasikika humo akisema, "Mzee, mimi nyama yangu ni ya leo."

Baada ya hapo ukanigeuza mpiga picha. Jumamosi zangu zote ziliisha hivyo, mimi nimeshika simu, wewe umesimama mbele ya mawe ya Nyegezi na shati lililopigwa pasi, unaeleza kwa nini jiwe linapasuka. Mkono wangu ukitetemeka ulinifokea. "Shika kama umeshika mtoto, usishike kama umeshika jembe." Nami nilikuwa sikuachii: "Nshomile, msomi wa Kihaya wewe, jembe ulilijulia wapi?" Ulikuwa unacheka mpaka tunaanza upya, halafu unanilaumu kwamba nimemaliza chaji.

Ulikuwa na masharti yako. Video isizidi dakika nne, kwa sababu ulisema mtoto akivuka hapo anaanza kuhesabu mbuzi wanaopita nje. Ukiuliza swali unanyamaza, unawaacha watoto wajibu, ndipo unaendelea. Mimi nilikwambia ule ukimya ni mrefu mno, watu watadhani simu imekwama, tuupunguze. Ukakataa kabisa. Ukasema darasani huwezi kusema "maji yakichemka yanakuwa…" halafu umalizie mwenyewe, hiyo ni kuwanyang'anya. Na video ikiisha inazimwa, watoto wanatoka nje wanafanya kwa mikono yao kile walichokiona. Mkuu wa shule wa wakati ule alipokuja juu, akisema hataki shule yake igeuzwe kibanda umiza cha kuonyeshea sinema, ulimjibu kwa upole mpaka nikakuonea wivu: "Mkuu, hii wala si mwalimu. Ni chaki tu."

Na ile siku ya kwanza ya kuonyesha! Vitenge vyangu viwili madirishani kuzuia mwanga, projekta kuukuu uliyoipata kwa fundi mjini, spika ndogo juu ya ndoo. Ukatokea ukutani mkubwa, ukasema, "Hamjambo watoto?" Darasa zima likasimama. "Hatujambo, shikamoo mwaliiimu!" Ukutani ukaitika "Marahaba," ukaingia moja kwa moja kwenye moyo wa ng'ombe. Kumbe ulisahau kuwaambia wakae. Wewe mwenyewe uko nyuma ya darasa unasema "kaeni, kaeni jamani," na hakuna aliyekusikiliza, kwa sababu mwalimu aliyekuwa anafundisha alikuwa ukutani na yeye hajasema kitu. Walisikiliza somo lote wamesimama. Jioni ile ulirekodi mwanzo mwingine: "Marahaba. Kaeni." Neno hilo limo katika video zako zote, na mtu asiyejua anadhani ni ukali.

Halafu ukaanguka ofisini kati ya kipindi na kipindi. Walisema kiharusi. Hukumaliza wiki.

Tulivuka nawe Busisi kwenye kivuko asubuhi yenye upepo. Atu wetu, Atugonza, alikuwa darasa la tatu. Alishika pindo la kanga yangu kutoka Mwanza mpaka Muleba, na hakulia njiani, hakulia kaburini, mama yako mpaka akaogopa. Tangu siku hiyo mtoto hakulitamka tena neno "baba." Hakukataa kukuzungumzia, alikuzunguka tu, kama mtu anavyozunguka shimo analolijua. Akitaka kikombe chako alisema "kile kikubwa." Akiulizwa na wageni alisema "nipo na mama." Nilijaribu kumsimulia habari zako, akanisikiliza kwa adabu kama mgeni, halafu akaomba ruhusa akacheze. Hilo, mume wangu, lilinitisha kuliko kilio. Nilikuwa na hofu kwamba anakufuta kidogo kidogo, na mimi naangalia.

Nami nilikuwa na langu. Video zako ziko kwenye simu ile ile, nami sikuzifungua hata moja. Nilinunua simu nyingine, ile nikaifunika na foronya kabatini. Walimu wenzetu walikuwa na nakala, wakaendelea kukuonyesha, nami nilipanga ratiba yangu ya darasa la pili niwe mbali na upande ule wa jengo. Watu walidhani nina uchungu wa kusikia sauti yako. Uchungu ulikuwepo, lakini jambo lenyewe lilikuwa jingine. Niliona kwamba maadamu kuna video sijaisikia tangu uondoke, bado una kitu hujaniambia.

Mwaka huu Atu ameingia darasa la tano. Anayefundisha sayansi sasa ni Mwalimu Masanja, kijana mmoja wa kwetu, mrefu, mwoga wa wanawake wazee. Wiki iliyopita alinifuata chini ya ngazi.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Mbona umekunja uso, nani amekufa?"

Nilijuta hapo hapo. Akatazama viatu vyake. "Madam, Jumatano naingia kwenye kichocho. Marehemu ana video yake, na kusema kweli sina nyingine inayoifikia. Ila ndani kuna sauti yake anamwita Atu kwa jina. Sasa mimi sijui. Naweza nikachora ubaoni tu."

Nilikuwa nimeisahau. Tulikwenda ufukweni watatu, Atu akiwa chekechea, ukamfundisha kushika jani la gugu maji lenye konokono bila kuingiza mguu kwenye maji. Mkono unaoonekana ni wake, na bangili yake nyeupe ya plastiki. Na mwanzoni kabisa unamwita: "Atu, mama, sogea hapa."

Nikamwambia Masanja aiweke, watoto wengine wasinyimwe somo kwa ajili yetu. Wanaishi na ziwa hilo, wanaoga humo, wanachota humo. Lakini Atu nitamwondoa. Nilishapanga nimtume stoo akanipangie vitabu vya darasa la pili kipindi kile kile, asijue lolote.

Jumanne, tukichambua dagaa uani, nikamwambia kesho nitamhitaji stoo saa nne. Aliendelea kuchambua. Halafu akasema, "Saa nne ni sayansi."

"Najua. Nimeshaongea na mwalimu."

"Mama, wote wanajua kesho ni video gani. Wa darasa la sita walituambia." Akaweka dagaa mmoja pembeni. "Mimi nataka nikae."

Nilitaka kumkatalia. Nilikuwa na sababu zangu zote mdomoni, na uso wake ulikuwa wa kwako kabisa siku ile uliyonikatalia kupunguza ukimya. Nikasema, "Haya."

Jumatano niliwapa darasa la pili kazi ya kuandika, nikaenda kusimama nje ya dirisha la darasa la tano. Mtu mzima, mwalimu, nimejibanza ukutani kama mchelewaji. Madirisha wameyafunika kwa mapazia ya shule siku hizi, lakini pembeni kuna upenyo. Nikasikia watoto wakisimama, wakakuamkia, ukaitika, ukawaambia wakae. Nilishika nondo za dirisha.

"Atu, mama, sogea hapa."

Darasa zima likageuka kumtazama. Masanja alikuwa ameshanyanyua mkono kuzima. Atu alikaa vile vile mstari wa mbele, mikono juu ya dawati, akatikisa kichwa kumwambia mwalimu asizime. Ukutani mkono mdogo wenye bangili ukatokea na jani lake. Ukaeleza jinsi vimelea vinavyotoka kwa konokono, vinavyoogelea na kupenya ngozi ya mtu bila hata kuuma. Ukauliza, "Kwa hiyo, mtoto akioga ziwani penye konokono hawa, anaweza kupata nini?" Ukanyamaza. Watoto wakajibu kwa pamoja, "Kichocho!" Na nilimwona kwa macho yangu, mdomo wake ulifunguka na wenzake, akakujibu.

Nililia pale nje, Baba Atu. Nililia kwa sauti mpaka mpishi wa uji akaja kunichukua.

Mchana tulirudi nyumbani kwa miguu. Mimi nilikuwa nasubiri avunjike, nimejiandaa na kanga yangu na maneno yangu. Tukaipita mashine ya kusaga. Ndipo akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama anauliza habari ya chakula:

"Mama, baba amebakiza masomo mangapi?"

Neno lilitoka hivyo, bila kujikwaa. Sikuthubutu hata kumtazama, niliogopa atalirudisha. Nikamwambia yapo mengi ya darasa la tano, na ya sita, na ya saba. Na yapo machache ya kidato cha kwanza, yale uliyowatengenezea watoto wanaofika sekondari na kukuta kila kitu ni Kiingereza.

"Baada ya hapo?"

Ningeweza kumdanganya. Wewe ulikuwa hudanganyi mtoto, hata akiuliza mtu anakufaje. Nikamwambia, "Baada ya hapo hakuna, mwanangu. Aliishia hapo."

Akahamisha mkoba bega la pili.

"Basi kidato cha pili nitasoma mwenyewe."

Hakulia. Nami sikulia, sijui kwa nini. Nilimshika mkono, akaniachia anishike, jambo ambalo siku hizi analikataa mbele za watu. Mimi mtu mzima nimeificha ile simu miaka miwili ili usiishe, na mtoto wa darasa la tano amekuhesabu mpaka mwisho, akajipanga.

Jumatatu wanaanza mada nyingine. Nimemwomba Masanja kiti cha nyuma. Nitasimama na watoto, nitakuamkia, na utakaponiambia nikae, nitakaa.

Lala salama, mwalimu.

Mkeo,
Mama Atu