Ndege ya Alhamisi

Nyuma ya Kanisa la Methodisti,
Saltpond.
29 Julai 2024

Mpendwa kaka yangu Kwamena,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Keitumetse, na kwamba baridi ya huko Gaborone haijawaingia kifuani. Sisi hatujambo. Goti la Mjomba Otu limevimba tena, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Nyumba bado haijazoea kukaa bila Mama. Juzi nilipika, nikajikuta nimeweka kando mkia wa samaki, maana Mama hakupenda kichwa. Nikaula mwenyewe, nimesimama.

Sasa nikupe habari. Kuna shirika la ndege linalofikiria kuanzisha safari ya moja kwa moja kati ya Accra na Gaborone. Kwa kuwa nusu ya walimu wa mji huu mko huko, walimtuma Bwana Lamptey aje ukumbi wa kanisa, atuulize kama biashara hiyo italipa.

Aliuliza ni nini hasa kinachowaleta watu nyumbani. Mama Mdogo Adwowa akajibu, "Mazishi." Bwana Lamptey akacheka. Alicheka peke yake.

Akauliza, kwa mwaka ni mangapi?

"Mwaka jana saba," akasema Mama Mdogo. "Mwaka huu tuna wanne vitandani, na kaka yangu huyu hapa. Goti lake si unaliona?"

Mjomba akaruka. "We Adwowa, nitoe humo! Sifi mimi ili nijaze ndege ya watu!"

"Tulia, kaka. Si lazima iwe mwaka huu. Mwenzio anatafuta biashara ya kudumu."

Bwana Lamptey akaandika. Balaa lilikuja aliposema kwamba ndege ingetua Accra Jumamosi, saa tisa alasiri. Ukumbi ulilipuka. "Saa tisa? Maiti keshafukiwa, wali umekwisha, huyo anakuja kuosha sufuria?" Wakamfundisha: mtu afike Alhamisi, azike Jumamosi, Jumapili ashukuru kanisani, Jumanne aondoke.

Kisha wakanigeukia mimi, nikaeleza yaliyokupata tulipomzika Mama. Kwamba ulipita nchi mbili, ya tatu ikakulaza, ukaingia Jumatatu na suti yako nyeusi, viti vya kukodi vikiwa vimekwisha kurudishwa. Kwamba pale kaburini nilitupa konzi mbili za udongo, moja yangu na moja yako. Sikulia, Kwamena. Ila Bwana Lamptey aliacha kuandika.

Wiki iliyopita alileta jibu. Ndege itaanza Alhamisi, tarehe 3 Oktoba, kwa majaribio ya miezi sita. Viti vikibaki vitupu, wataiondoa.

Mwaka wa Mama unatimia tarehe 12 mwezi ujao, lakini Mjomba ameusogeza mpaka Jumamosi, tarehe 5 Oktoba. Mchungaji alipomkumbusha kwamba mwaka una miezi kumi na miwili, alimjibu, "Wa dada yangu una kumi na minne. Mwanawe yuko njiani."

Mji mzima sasa unasema wewe uko njiani. Mimi sijakusikia ukisema. Hata hivyo nimekwisha kumpelekea fundi kitambaa chako cha ukoo, akate kwa vipimo vya zamani. Kama umenenepa, nguo tutaifumua hapa hapa Ijumaa.

Nisalimie Keitumetse na watoto. Mama Mdogo na Mjomba wanakusalimu. Mjomba anasisitiza niandike kwamba yu hai. Mungu akulinde hewani na nchi kavu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kila siku,
Aba