Nilivyopelekwa Seksheni ya Lugha

Buyenzi, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Kigoma, na ule mgongo uwe umeacha kukusumbua unapoinama kwenye injini. Sisi hapa hatujambo. Mama anakusalimia sana na anasema usimeze dawa kabla ya kula.

Baba, unajua kwamba tangu mwaka jana najifunza kuandika programu kwenye kompyuta ya shule. Sikukuambia jinsi ilivyonitesa. Programu ndogo niliziweza, lakini nilipofika kwenye algoriti, yaani zile njia za kuielekeza kompyuta ipange au itafute vitu hatua kwa hatua, kitabu kilijaa alama za hesabu ambazo sisi wa Seksheni ya Lugha hatufundishwi. Nilimwuliza Gaël wa Seksheni ya Sayansi maana ya logariti. Alicheka mbele ya wenzake, akasema, dada, we rudi kwenye mashairi yako, huku utaumiza kichwa bure. Nami nilimwamini. Si waliotugawa kwenye seksheni za masomo walitazama pointi zangu za darasa la tisa wakaona sina kichwa cha hesabu?

Juzi mwalimu wa Kifaransa alinipa kopi za mtihani, zile karatasi za majibu ya wanafunzi, nizipange kwa alfabeti ya majina. Hunipa mimi kila mara kwa kuwa sipigi kelele. Huwa nazigawa mafungu madogo, napanga kila fungu, kisha nayaunganisha mawili mawili nikilinganisha tu kopi za juu. Safari hii mikono yangu ilisimama. Ilikuwa ni ile ile algoriti ya kitabuni! Na logariti ni mara ngapi unaweza kugawa rundo nusu kwa nusu mpaka ibaki kopi moja moja. Basi. Nililia pale kwenye benchi kwa furaha.

Furaha hiyo ndiyo iliyonipa ujasiri. Nilipopeleka kopi ofisini, nilimwomba mkuu wetu, Madamu Daphrose, aandike jina langu kwa ajili ya mafunzo ya kuandika programu wakati wa likizo kubwa. Alisema wanachukua wa Informatika, ile seksheni ya kompyuta, na wa Sayansi tu. Kisha akanitazama kwa huruma, akasema, masikini, na wewe pointi zako zilikuwa zimekupeleka Informatika. Nilidhani ananichanganya na mwingine. Apana, akasema, baba yako mwenyewe alikuja kabla ya masomo ya darasa la kumi kuanza, akanisihi nikubadilishe. Alisema mtoto wake ana haya, anapenda vitabu vya hadithi, na kule atakuwa peke yake katikati ya wavulana.

Najua ulinionea huruma, Baba. Ndiyo maana nashindwa hata kukukasirikia vizuri. Lakini miaka yote hii ulinisikia nikijiita mjinga wa hesabu. Ulikaa karibu yangu, ukanifuta machozi, ukaniambia nishukuru, ndivyo Mungu alivyoniandikia.

Si Mungu aliyeniandikia, Baba.

Likizo hii sitakuja Kigoma. Nitabaki nisome hesabu ya darasa la kumi, kuanzia ukurasa wa kwanza, na tafadhali usimtume mtu anishawishi.

Msalimie shangazi Khadidja na watoto wake. Mungu akulinde kazini.

Ni mimi binti yako,
Asiya