Mgonjwa Asiye Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Saluni imejaa tangu asubuhi. Umeme ukakatika nikiwa na kichwa cha mtu chini ya draya, na hapo ndipo bunge lilipofunguliwa. Redio – fundi cherehani wa mlango wa pili, tulimbandika jina hilo kwa sababu hazimiki – akaanza na umeme, akaja kwenye barabara, akamalizia hospitali. Hakuna dawa, hakuna glavu, hata damu ya kuwaongezea wagonjwa hakuna. "Wamekula mpaka damu!" Tulicheka mpaka machozi. Mimi nikaongeza yangu, kwamba wakubwa wakishikwa na mafua tu wanapanda ndege. Siku nzima ndiyo hivyo. Mikono inasuka, midomo inasaga.

Mdogo wangu alipita kunisalimu, tumbo limemtangulia. Miguu imevimba. Nimemwambia aache kutembea juani. Hasikii.

Alhamisi, 6 Machi

Amejifungua! Msichana. Analia kama ana kesi na dunia nzima.

Lakini damu ya mama yake haikukata. Shuka lilibadilishwa, likalowa tena. Nesi akatoka mbio: anahitaji damu ya kundi O, na kwenye friji hamna. Nilipiga kelele. Nilimuuliza kodi zetu zinakwenda wapi, nyinyi mnafanya kazi gani humu ndani! Koridoni kila mtu aligeuka. Nesi hakunijibu kwa hasira. Ana macho ya mtu anayelala amesimama. Akasema, "Dada, damu haina kiwanda. Inatoka kwa watu. Njooni tuwapime, wewe na mumewe."

Mimi B. Shemeji A. Yetu yote haimfai. Shemeji akakaa chini pale pale, mgongo ukutani, viatu vya mkewe mkononi.

Mwanamume mmoja aliyekuja kumwangalia baba yake akasikia. Hatumjui, naye hatujui. Akainuka akasema yeye ni O, amezoea kutoa. Akaingia. Akatoka amebana pamba kwenye mkono, akarudi kwa baba yake. Damu ikapimwa, mdogo wangu akawekewa. Sikumuuliza hata jina.

Nesi aliniambia na mimi nitoe. Yangu haimfai mdogo wangu, ila itamfaa mwingine. Nikamwambia, "Mwingine ana ndugu zake. Mimi nina mgonjwa wangu." Akasema haya, akaenda. Sindano naziogopa pia, lakini hilo sikumwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Mdogo wangu kafumbua macho. Kaomba chai! Nimelia chooni asinione.

Asubuhi kitanda cha jirani kaletwa mama kijana, ametokwa na damu tangu alipojifungulia nyumbani kwake. Mama yake alikaa upande wa miguu akimsugua nyayo. Tulisalimiana. Akaniuliza mtoto wetu tumempa jina gani. Nikasema bado tunabishana. Akacheka kidogo – wao wameshachagua.

Nikaenda nyumbani kupika uji. Niliporudi jioni kitanda cha jirani kilikuwa hakina shuka. Mama wa watu amesimama, anakunja khanga, anaikunjua, anaikunja tena. Nikampa pole. Akaniambia walitafuta damu tangu mchana. Kapiga simu kwa kila ndugu, mpaka waliogombana. "Kundi B, mwanangu. Ingekuwa hata chupa moja."

B.

Nilisimama na chupa ya uji. Sikujua niiweke wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Nilimfuata nesi mpaka anakobadilishia nguo. Nikamuuliza: ningetoa juzi, yule angepona? Alifunga kwanza kamba za viatu. Kisha: "Sijui, dada. Labda ingempata yeye, labda ingeenda kwa mwingine kabla yake. Wengine tunawawekea na bado wanaondoka."

Nikashusha pumzi. Kumbe hakuwa amemaliza.

"Ila friji lisingekuwa tupu."

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda msibani. Yule mama kanitambua. Kawaambia wenzake huyu ni dada wa yule aliyepona, mpisheni akae. Nikapewa kiti! Nikakaa. Nimeosha vyombo mpaka mikono ikanyauka, nikarudi.

Jumatano, 12 Machi

Habari imefika saluni kabla yangu. Redio alikuwa amesimama katikati, sindano na uzi vimechomekwa kifuani kwenye gauni, anahutubia: binti wa watu kauawa na serikali! Hospitali nzima, eti hawana damu! Wateja wakaitikia, ndiyo, ndiyo, nchi imeoza.

Nikasimamisha vidole kwenye msuko. Nikasema, "Mimi ni B."

Hawakuelewa. Nikawaeleza yote, na nesi alivyoniomba, na nilivyomjibu. Aliyekuwa anasukwa akageuza kichwa mpaka msuko ukanitoka mikononi.

Redio akasema nisijipe kesi isiyonihusu, damu ni kazi ya serikali. Nikamwambia serikali haina mishipa. Mtu mmoja akacheka akidhani natania. Sikuwa natania.

Akarukia upande mwingine: "Na ukitoa wanaiuza!" Hapo mteja wangu mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye kweli alishawahi kuombwa kitu kidogo dirishani hospitali, alipomfuatia mumewe damu. Simpingi. Sikusema wakubwa hawana makosa. Wanayo, tena ya kutosha. Friji likizima umeme ukikatika, hilo ni lao. Damu ikiuzwa, hilo ni lao, na tuwashike mashati. Lakini friji likiwa tupu, nikawauliza, hilo ni la nani?

Kwa mara ya kwanza tangu nifungue, nilisikia mkasi ukikata.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kitengo cha damu cha hospitali. Nimemwona bwana mkubwa wao, mwembamba, kikohozi hakimwishi. Nikamweleza kwanza lile la dirishani, wazi wazi. Akaacha kuandika. Akasema amelisikia kwa minong'ono, hajawahi kupata mtu wa kusimama mbele yake akalisema. Nikamwambia basi leo umempata, na yule mteja wangu nitamleta. (Sijamuuliza bado! Mungu nisaidie.)

Kisha nikamwomba atoe damu yangu. Mkono nikauweka mezani kabisa. Akauliza nina watu wengine? Akiwapata watu anaweza kuleta vitanda na wauguzi mpaka mtaani. Nikajisikia nikisema wapo. Wengi! Basi akasema nisubiri nitoe pamoja nao, watu wakimwona mtu wao hawaogopi sana. Tumekubaliana Jumamosi ya wiki ijayo, saluni kwangu.

Watu gani, mimi?

Jumanne, 18 Machi

Maneno yamezagaa. Eti saluni itanuka kama bucha. Eti nimepewa hela. Mteja wangu wa kila wiki nimemwona leo anatoka kwa msusi wa kona, nywele zimesukwa vibaya, kaangalia pembeni. Mume wangu kapiga simu kutoka safarini na lori lake. Kauliza nimerogwa? Watu waje kupendeza, wewe unawatoa damu! Wateja wakikimbia tutakula nini? Nikamsimulia kuhusu yule mama na khanga yake. Nikamsikia akizima injini ya lori. Akasema, "Haya. Ila huogopi sindano wewe?"

Naogopa.

Mdogo wangu anasema atakuja kukaa mlangoni na mtoto. Nimemkataza, hana nguvu. Hasikii.

Jumamosi, 22 Machi

Herufi zinakwenda kombo, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umenyooshwa, una sindano. Nimelala kwenye kitanda cha kukunja katikati ya saluni yangu mwenyewe, chini ya kioo. Muuguzi ameniambia niangalie kwingine, ndiyo nikaomba daftari hili. Anacheka kwamba hajawahi kuona.

Vitanda vingine viwili vipo wazi. Mashuka yao yamenyooka, hayana hata mkunjo.

Yule mteja wangu wa dirishani alikuja mapema sana, kabla ya wauguzi. Kapimwa, damu yake ndogo, amekataliwa. Badala ya kwenda zake akamvuta bwana mkubwa pembeni, nimemwona akimwonyesha kwa kidole kule hospitali iliko. Anazungumza. Bwana mkubwa ametoa kalamu, anaandika.

Mdogo wangu yuko mlangoni kwenye stuli, ananyonyesha. Nje, ng'ambo ya barabara, watu wamejaa. Wamesimama kivulini, wengine wanatupiga picha kwa simu. Nasikia maneno yao. Mmoja: ngoja tuone kama ataamka. Mwingine: wangeleta basi hata soda. Mwingine anauliza kwa nini vitanda ni vitatu tu, nchi hii bwana!

Mfuko unajaa. Ni moto, nimeugusa. Hata haujui unakwenda kwa nani.

Redio kavuka barabara. Futi ya kupimia iko shingoni, kaacha mteja wake kasimama na gauni nusu. Amefika mlangoni. Kamwangalia mdogo wangu, kamwangalia mtoto, kauangalia mkono wangu. Mguu mmoja ndani, mmoja nje. Hasemi kitu – Redio!

Sasa anauliza inauma?

Nimemwambia inauma kidogo. Muuguzi ameshika shuka la kitanda cha pili, anasubiri. Nje wote wanamtazama yeye. Redio anakunja mkono wa blauzi, anasita, anaushusha, anaukunja tena mpaka juu ya kiwiko, na mguu wa pili unaingia ndani.