Harufu ya Ndizi Mbivu Maabarani

Homa Bay, Alhamisi

Dada Mourine,

Natumai watoto hawajambo. Leo wanafunzi walichemsha alkoholi na asidi ya siki, wakapata kemikali iitwayo esta. Maabara nzima ikanukia ndizi mbivu, kama kibanda cha marehemu Mama pale Kegonga. Mimi karani wa maabara, ninayewakataza kila siku kunusa chupa, niliinua moja nikainusa hadi machozi yakanitoka.

"Madam, asidi imekuingia machoni?" wakanicheka.

"Ndiyo," nikasema.

Dada, nilikudanganya kwamba nilinyimwa ruhusa siku ya kumzika Mama. Sikuomba. Nilimwogopa mkubwa wangu wa kazi. Leo nimemwomba, akanipa kabla sijamaliza kusema.

Nikija Jumamosi, utanionyesha kaburi?

Mdogo wako, kwa aibu,
Bhoke